Yatima Wenye Wazazi

Januari 29, 2010, siku 17 baada ya tetemeko la ardhi kuibomoa Port-au-Prince, basi lililobeba watoto 33 lilizuiwa kwenye mpaka wa Haiti na Jamhuri ya Dominika. Waliokuwa wakiwasafirisha ni Wamarekani kumi wa kanisa la Kibaptisti. Walisema wanawaokoa yatima na kuwapeleka mahali salama, lakini hawakuwa na hati yoyote ya kuwaruhusu kuvuka nao mpaka. Watoto walichukuliwa na kuhifadhiwa katika kijiji cha SOS, na haikuchukua siku nyingi ukweli ukajulikana: wengi wao walikuwa na wazazi. Wapo wazazi waliosema wazi kwamba waliwatoa wenyewe, kwa sababu waliahidiwa shule, chakula na maisha ambayo wao wasingeweza kuwapa.

Zaidi ya miaka miwili kabla ya hapo, Oktoba 2007, kisa kama hicho kilitokea Abéché, mashariki mwa Chad. Shirika la Kifaransa lililoitwa L'Arche de Zoé lilikuwa tayari limekodi ndege ya kuwapeleka Ufaransa watoto 103 walioelezwa kuwa ni yatima wa vita vya Darfur. Baadhi walifungwa bandeji mwilini ingawa hawakuwa na jeraha lolote. Maofisa wa mashirika ya Umoja wa Mataifa walipokaa na watoto hao na kuwauliza mmoja mmoja, waligundua kwamba wengi wametoka vijiji vya Chad vya mpakani, na kwamba walikuwa wakiishi na mzazi au ndugu mzima. Desemba mwaka huo mahakama ya N'Djamena iliwahukumu wahusika sita kifungo cha miaka minane na kazi ngumu.

Kesi hizo mbili zilivuma kwa sababu zilihusu wageni, polisi na kamera. Hali iliyozizaa ipo kila siku bila kelele, na mara nyingi bila uhalifu wowote. Upande mmoja yuko mzazi maskini. Upande mwingine yuko mfadhili mwenye huruma ya kweli. Katikati yao pamejengwa nyumba yenye vitanda vingi, na vitanda hivyo vinahitaji watoto.

Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilikadiria kwamba, duniani kote, watoto wasiopungua wanne katika kila watano wanaoishi kwenye makao ya watoto wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Watafiti waliokusanya takwimu za dunia kwa ajili ya jarida la kitabibu la The Lancet mwaka 2020 walipata makadirio ya kuanzia milioni tatu hadi milioni tisa ya watoto wanaolelewa makaoni, na upana wa makadirio hayo unatosha kuonyesha jinsi watoto hawa wanavyosahaulika hata katika kuhesabiwa. Hutajwa pia takwimu nyingine, ya yatima milioni 140, ambayo hupamba vipeperushi vingi vya kuchangisha fedha. Hiyo ni ya UNICEF ya mwaka 2015, na inamhesabu kila mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote. Waliofiwa na wote wawili ni takriban milioni 15, na wengi wa hao wanaishi na bibi, shangazi, mjomba au kaka.

Kwa hiyo tatizo kubwa la watoto walioko makaoni ni umaskini wa watu wao. Mtoto aliyepelekwa huko kwa kukosa ada, chakula au matibabu alikuwa na shida ambayo ingeweza kutatuliwa akiwa nyumbani. Kumtenga na ndugu zake kunamwongezea shida ya pili, ambayo tiba yake ni ghali zaidi na wakati mwingine haipatikani.

Ushahidi wa shida hiyo ya pili ni mzito, na sehemu yake kubwa imetoka Romania. Mwaka 1966 Nicolae Ceaușescu alitoa Amri Namba 770 iliyopiga marufuku utoaji mimba isipokuwa katika hali chache, akitaka idadi ya watu iongezeke haraka ili viwanda vipate wafanyakazi. Familia zilizaa watoto zisioweza kuwalisha, na dola ikazihimiza ziwaache mikononi mwake. Utawala wake ulipoanguka Desemba 1989, zaidi ya watoto 100,000 walikutwa katika makao ya serikali.

Wataalamu walioingia katika vyumba vya watoto wachanga walikuta vitanda vya chuma vimepangwa safu kwa safu. Mhudumu mmoja alikuwa na watoto kumi na zaidi wa kuwalisha, kuwaosha na kuwabadilisha kwa zamu, na kwa jinsi alivyobanwa na saa hakuwa na nafasi ya kumpakata yeyote. Kilichowashtua zaidi ni ukimya. Chumba kizima cha watoto wadogo, na hakuna anayelia. Walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba kilio chao hakimleti mtu.

Mwaka 2000 watafiti watatu wa Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walianza mjini Bucharest utafiti ambao hadi leo ndio rejea kuu ya jambo hili. Walichagua watoto 136 wa umri wa miezi sita hadi 31 kutoka makao sita. Kwa kura, nusu walipelekwa kwa walezi wa kambo waliofundishwa na kulipwa, na nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya serikali. Hakuna mtoto aliyezuiwa kutoka makaoni kama familia ilipatikana. Walipofikia miezi 42 walipimwa akili: waliobaki makaoni walipata wastani wa takriban 77, waliokwenda kwa walezi 86, na watoto wa jirani waliokulia kwa wazazi wao 103. Umri wa kuhamishwa nao ulikuwa na uzito mkubwa. Waliopata familia kabla ya kutimiza miaka miwili walirejea vizuri kuliko waliochelewa, na vipimo vya umeme wa ubongo vilionyesha mwelekeo uleule.

Romania nayo ilichukua hatua. Sheria yake ya mwaka 2004 ilipiga marufuku kuwaweka makaoni watoto walio chini ya miaka miwili, isipokuwa wenye ulemavu mkubwa. Mwaka 2020 jopo la The Lancet lilipitia tafiti zaidi ya 300 zinazohusu watoto zaidi ya 100,000 wa nchi zaidi ya 60, na picha ikawa ileile: mtoto wa makaoni hudumaa kimwili, ubongo wake hukua polepole, na uwezo wake wa kushikamana na mtu huathirika. Sababu inaeleweka hata bila maabara. Wahudumu huingia na kutoka kwa zamu, wengine huacha kazi, na mtoto hukosa yule mtu mmoja anayejua kwamba homa yake huanza kwa kukataa kula.

Kuna jaribio moja katika utafiti wa Bucharest ambalo kila anayepanga kutembelea kituo cha watoto angefaa kulijua. Mgeni asiyefahamika alibisha hodi mlangoni, akamwambia mtoto wa umri wa kati ya miaka minne na mitano amfuate. Watoto waliokulia kwa wazazi wao walikataa, karibu wote. Miongoni mwa wale wa makaoni, waliotoka nje na kumfuata walikuwa wengi zaidi kwa mbali. Tabia hiyo ndiyo inayomfurahisha mtalii au mfanyakazi wa kujitolea anaposhuka kwenye gari na kuzungukwa na watoto wanaomkumbatia kana kwamba wamemjua miaka yote. Yeye huona upendo. Daktari wa afya ya akili ya watoto huona alama ya mtoto aliyepoteza kipimo cha nani ni wake na nani si wake, na anayewindwa kwa urahisi na mtu mwenye nia mbaya.

Kukumbatiwa huko kumezaa biashara. Nchini Kambodia, idadi ya makao iliongezeka kwa asilimia 75 kati ya mwaka 2005 na 2010, wakati nchi ilikuwa na amani na umaskini ukipungua. Kilichokuwa kikikua kwa kasi hiyohiyo ni utalii. Vituo vingi vilifunguliwa katika miji inayopitiwa na wageni kama Siem Reap na Phnom Penh, na takriban robo tatu ya watoto waliokuwamo walikuwa na mzazi hai. Wakala alipita vijijini akiwaahidi wazazi shule ya mjini, na watoto wakaishia kucheza ngoma mbele ya wageni ili kapu la michango lijae. Australia, ambayo raia wake wengi walikuwa wakijitolea katika vituo hivyo, ilifanya uchunguzi wa bunge mwaka 2017, na mwaka uliofuata, ilipotunga sheria dhidi ya utumwa mamboleo, ikatambua kuwa kuwasafirisha watoto hadi makaoni kwa ajili ya faida ni sura mojawapo ya utumwa huo.

Wanaoendesha makao wengi si wafanyabiashara. Ni watawa, wachungaji, masheikh, walimu wastaafu, akina mama waliomwokota mtoto mmoja mlangoni wakajikuta na thelathini. Hawastahili kulaumiwa kwa kuziba pengo ambalo hakuna mwingine aliyeliziba. Hata hivyo, mfumo wa fedha unawasukuma wote upande mmoja: mfadhili hutoa kwa kichwa, kwa hiyo mtoto anayerudi nyumbani ni pungufu katika bajeti, na anayeingia ni ongezeko. Hakuna anayepiga picha bibi mwenye wajukuu wanne aliyepewa mtaji wa kuku, ingawa hapo wamelindwa watoto wanne kwa mara moja.

Hesabu ya gharama ilishafanyika Tanzania, zamani sana. Mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika mwaka 1983, ulishuhudia wazazi wakifa kwa wingi na watoto wakibaki na mabibi. Takwimu zilizochapishwa na Benki ya Dunia katika miaka ya 1990 zilionyesha kuwa kumlea mtoto mmoja makaoni mkoani humo kuligharimu zaidi ya Dola 1,000 za Marekani kwa mwaka, karibu mara sita ya gharama ya kumsaidia akiwa kwa familia ya malezi. Kwa maneno mengine, kila kitanda kilichofadhiliwa kilikula fungu ambalo lingewatosha watoto sita wakiwa wamelala kwa ndugu zao. Umepita muda mrefu tangu hesabu hiyo ipigwe, na bado mabango ya ujenzi wa vituo vipya yanasimikwa kando ya barabara za nchi zetu.

Rwanda imeonyesha kwamba inawezekana kugeuza njia. Nchi hiyo ilikuwa na sababu nyingi za kujaza makao kuliko jirani yeyote: mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yaliacha maelfu ya watoto barabarani, na nyumba za kuwapokea zikafunguliwa kila upande. Mwaka 2012 ilihesabu watoto na vijana zaidi ya 3,300 katika makao 33, ikapitisha mkakati wa kuwarudisha kwenye familia, na mwaka uliofuata ikaanzisha mpango wa Tubarerere mu Muryango, yaani tuwalee watoto katika familia. Serikali iliajiri maofisa ustawi wa jamii na wanasaikolojia wakapelekwa wilayani. Kila mtoto alifunguliwa jalada, ndugu zake wakatafutwa, nyumba ikatembelewa kabla hajarudi na baada ya kurudi. Wasiokuwa na ndugu walipokelewa na walezi wanaoitwa Malayika Murinzi, malaika walinzi. Wengi wa watoto hao sasa wamo katika familia.

Kiungo muhimu zaidi kipo chini kabisa. Katika kila kijiji cha Rwanda wanachaguliwa watu wawili, mwanamume na mwanamke, waitwao Inshuti z'Umuryango, marafiki wa familia. Nchi nzima ni karibu 30,000. Hao ndio wanaojua kwamba nyumba fulani baba anapiga, kwamba mtoto fulani hajaonekana shuleni wiki mbili, kwamba mama fulani anafikiria kumpeleka mwanawe kituoni. Wanafika kabla mambo hayajaharibika.

Kenya nayo imeanza. Mwaka 2017 ilisitisha usajili wa makao mapya ya watoto. Mwaka 2022 ilizindua mkakati wa miaka kumi wa kuhamisha malezi kutoka makaoni kwenda kwenye familia, na mwaka huohuo ikapata Sheria mpya ya Watoto ambayo, pamoja na mambo mengine, inatambua kafala, utaratibu wa Kiislamu wa kumlea mtoto bila kumvua nasaba yake. Kwa watu wa Pwani hilo si geni; wameishi nalo vizazi na vizazi, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unalitaja kwa jina katika ibara ya 20. Jipya ni kwamba sasa mlezi wa namna hiyo anatambuliwa na sheria ya nchi.

Kenya pia ina funzo la kuepuka pupa. Machi 2020, corona ilipoingia, makao yaliagizwa kuwarudisha watoto makwao, na maelfu wakaondoka ndani ya siku chache. Wengine walifikishwa kwa ndugu ambao hawakuwa wameandaliwa wala kuulizwa, katika nyumba zilezile zilizokuwa na njaa iliyowatoa. Mtoto anarudishwa kwa maandalizi, kwa hatua, na kwa msaada unaomfuata. Vinginevyo atatoroka, na safari hii atakwenda mtaani.

Wapo wanaopinga hoja nzima kwa swali la haki: je, familia zenyewe ni salama? Tanzania ina jibu lake kwa takwimu, na halifurahishi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, wa kwanza wa aina yake barani Afrika kugusa ukatili wa aina zote, ulionyesha kuwa karibu wasichana watatu kati ya kumi walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na mvulana mmoja kati ya saba. Wanaofanya ukatili huo mara nyingi wanafahamika na mtoto. Kwa mtoto wa namna hiyo, kutolewa nyumbani ni wokovu.

Ndiyo maana Miongozo ya Malezi Mbadala ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 haikufuta makao. Inataka kila uamuzi upitiwe kwa mtoto mmoja mmoja, na makao yawe kimbilio la muda wakati ndugu mwingine au mlezi wa kambo anatafutwa. Shida huanza muda huo unapojivuta. Kanda ya Ziwa, mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoshika kasi mwishoni mwa miaka ya 2000 yaliilazimu Serikali kuwakusanya watoto katika vituo vyenye ulinzi, kikiwamo cha Buhangija mkoani Shinyanga. Uamuzi ule uliokoa maisha. Lakini miaka ilikatika, wazazi wengine wakaacha kuja kuwaona, na watoto waliofika wakiwa wadogo wakakua bila kuijua njia ya kwao.

Watoto wa makao wanapofikisha miaka 18 hufunguliwa geti. Vijana wa chama cha KESCA nchini Kenya, kilichoundwa na waliokulia makaoni, wamekuwa wakieleza kinachofuata: hakuna wa kumpigia simu unapougua, hakuna mjomba wa kukusindikiza kwenda kuposa, hakuna shamba la ukoo, na unapokwenda kuomba kitambulisho unaulizwa majina ya wazazi. Sauti yao ina uzito kuliko ya mtaalamu yeyote, na sera za nchi nyingine za Afrika Mashariki zingeandikwa vizuri zaidi kama wao wangekaa mezani.

Kinachozuia mtoto asifike makaoni kinajulikana. Cha kwanza ni fedha mkononi mwa kaya. Kenya ilianza kulipa ruzuku kwa kaya zenye yatima na watoto walio hatarini mwaka 2004, na kaya hupata Sh2,000 kwa mwezi. Ni kiasi kidogo, lakini watafiti waliofuatilia kaya hizo waliona vijana wake wakichelewa kuanza ngono ikilinganishwa na wenzao. Tanzania nayo ilianzisha mwaka 2012 mpango wa kunusuru kaya maskini chini ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, unaofanana na huo. Cha pili ni huduma zilizo karibu: shule inayompokea mtoto mwenye ulemavu ili mama asilazimike kumpeleka kituo cha mbali, na kliniki ya mama aliyezidiwa na msongo baada ya kujifungua.

Cha tatu ni mtu. Namba 116 ya simu ya bure kwa mtoto inafanya kazi Tanzania na Kenya, na kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zimeundwa hadi ngazi ya kijiji Tanzania Bara. Lakini simu ikipigwa, lazima awepo wa kupanda bodaboda kwenda kuitazama nyumba hiyo. Kata nyingi hazina ofisa ustawi wa jamii, na ofisa aliyepo hulazimika kugawanya wiki yake kati ya mirathi, ndoa zilizovunjika, wazee wasio na matunzo na wagonjwa wasio na ndugu hospitalini. Mtoto asiye na mtu wa kumsemea husubiri mwisho wa foleni.

Ramadhani na Krismasi, misafara ya magari hujipanga kwenye mageti ya makao kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam, imebeba mchele, sukari, mafuta ya kula na katoni za sabuni. Sadaka hiyo inaweza kufanya kazi kubwa zaidi bila kuongezwa hata shilingi. Kampuni, msikiti, parokia au kikundi cha marafiki kingeweza kumwuliza msimamizi wa kituo maswali manne kabla ya kushusha mizigo: watoto wangapi wana ndugu wanaojulikana, wangapi walirudishwa kwao mwaka jana, nani anawafuatilia baada ya kurudi, na je, kituo kimesajiliwa. Kisha waombe nusu ya mchango ilipe nauli za kutafuta ndugu, ada, bima ya afya na mtaji mdogo wa mlezi atakayempokea mtoto. Msimamizi mwenye nia njema ataupokea mchango wa namna hiyo kwa mikono miwili, kwa sababu ndio ambao hajawahi kupewa.

Serikali nazo zina wajibu ambao sadaka haiwezi kuubeba. Mwaka 2019 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilipitisha azimio la kuhakikisha watoto hawatenganishwi na wazazi kwa sababu ya umaskini pekee. Kenya imejipa hadi mwaka 2032 kukamilisha mageuzi yake. Kwa Tanzania, kipimo cha kwanza kinaweza kusomwa katika bajeti ya kila halmashauri: ina maofisa ustawi wangapi kwa kata zake, wametengewa mafuta ya pikipiki kiasi gani, na walezi wa kambo waliosajiliwa ni wangapi. Madiwani wanazijadili bajeti hizo kila mwaka, na wananchi wana haki ya kuingia ukumbini na kusikiliza.